Misheni za Pembeni: Nani Hulipia Kisicho cha Lazima?

Leo naweka kando mambo ya kazi. Hakuna hifadhidata, hakuna mafunzo ya kuandika programu. Leo ni gemu, na hasa ile sehemu ya gemu ambayo hakuna anayekulazimisha kuicheza.

Nianzie kwenye kibanda. Mtaani kwetu palikuwa na kibanda cha mabati chenye televisheni tatu na PlayStation 2 tatu. Ulilipa kwa dakika. Shilingi kumi zilikupa dakika kumi, na mwenye kibanda alikuwa na saa ya ukutani ambayo, naapa, ilikimbia kuliko saa zote za Nairobi. Wenzangu wengi walicheza kandanda. Mimi pesa zangu ziliishia kwenye Grand Theft Auto: San Andreas, gemu iliyotoka mwaka 2004. Siku moja niliiba ambulensi (ndani ya gemu jamani, msianze kunipigia polisi), nikabonyeza kitufe cha R3 bila kukusudia, na mara nikaambiwa kuna mgonjwa anasubiri. Nikamfikisha hospitali. Kisha wakawa wawili. Kisha watatu.

Waliokuwa nyuma yangu wakingoja zamu wakaanza kelele. "Wewe, hiyo si misheni! Fanya misheni!" Na walikuwa sahihi. Hadithi ya gemu haikusonga hata hatua moja. Kazi ya ambulensi ina viwango 12. Kiwango cha kwanza kina mgonjwa mmoja, cha pili wawili, hivyo hivyo hadi cha 12, yaani wagonjwa 78 kwa jumla (jumlisha 1 hadi 12 uone mwenyewe). Gari linabeba watatu tu kwa mara moja. Ukifeli katikati, unarudi mwanzo. Nilikuwa kiwango cha nane niliposikia sauti nyuma yangu: "Kijana, dakika zako zimeisha. Ongeza pesa ama upishe wenzako." Sikuwa na ya kuongeza.

Siku hizi naandika programu ili nipate ugali wangu, na kuna jambo nimelijua ambalo sikulijua pale kibandani. Hakuna kitu cha bure ndani ya programu. Wagonjwa wale 78 hawakujiweka barabarani wenyewe. Kuna mtu alikaa akaandika msimbo wao, mwingine akakesha akiujaribu, na ukachukua nafasi kwenye diski. Haya yote wakijua kabisa kwamba wachezaji wengi watamaliza gemu bila kuwahi kubonyeza R3. Sasa kitu kama hicho, kisicho cha lazima, nani hukilipia? Nimeichimba kidogo historia ya misheni za pembeni na vya ziada kwenye gemu, na naona ni historia ya swali hilo moja. Jibu limebadilika mara kadhaa, na si kila badiliko lilikuwa zuri.

Turudi nyuma, kabla hata gemu hazijawa na picha. Karibu mwaka 1976, mwanaprogramu wa Marekani aitwaye Will Crowther aliandika gemu ya kutembea ndani ya pango. Crowther alifanya kazi BBN, kampuni iliyoshiriki kuunda ARPANET, babu wa intaneti. Muda wake wa mapumziko aliutumia kuingia mapangoni huko Kentucky. Gemu yake aliiandika kwa lugha ya FORTRAN kwenye kompyuta ya PDP-10, na yote ilikuwa maandishi. Unaandika neno moja au mawili, kompyuta inakueleza kilicho mbele yako. Mwaka 1977, Don Woods wa Stanford aliipata nakala, akaomba ruhusa kwa Crowther, akaipanua. Ndiyo gemu inayojulikana kama Colossal Cave Adventure.

Katika toleo la Woods, alama za juu kabisa ni 350. Watu walikusanya hazina zote, wakamaliza kila kitu, wakapata 349. Alama moja ilikuwa wapi? Ilikuwa hivi: ndani ya pango kuna jarida limetupwa. Ukilichukua ukalipeleka mahali paitwapo Witt's End, ukaliacha hapo, unapata alama moja. Basi. Jarida halifungui mlango, wala halimzuii adui. Ni alama moja tu, imekaa pale inamngoja mtu mwenye ukaidi wa kutosha kuitafuta. Nadhani mtu yeyote anayeandika programu anaelewa furaha aliyokuwa nayo mwenye kuiweka.

Nani alilipia alama hiyo? Kwa pesa, karibu hakuna. Gemu haikuuzwa. Kompyuta ilikuwa ya taasisi na umeme ulikuwa wa taasisi. Mwandishi alitoa usiku wake. Alama ya 350 ilikuwa salamu kutoka kwa mwanaprogramu mmoja kwenda kwa mwingine.

Mambo yakabadilika gemu zilipoanza kuuzwa madukani. Mwanaprogramu wa Atari, Warren Robinett, aliipenda ile gemu ya pango akataka kuitengeneza kwa picha. Adventure yake ilitoka mwaka 1980 kwa konsoli ya Atari 2600. Kaseti ilikuwa na baiti 4096. Si megabaiti, ni baiti. Makala haya unayosoma ni makubwa mara kadhaa kuliko gemu nzima! Kumbukumbu ya kufanyia kazi ndani ya konsoli ilikuwa baiti 128. Humo Robinett alitia ngome, vichochoro, upanga, popo mwizi na majoka matatu (ambayo, kusema ukweli, yanafanana zaidi na bata).

Akatia na kitu kimoja ambacho hakuwaambia wakubwa wake. Wakati huo Atari haikuweka majina ya wanaprogramu kwenye gemu. Kwa kauli yake mwenyewe, Robinett alilipwa kama dola 22,000 kwa mwaka, bila fungu lolote la mauzo, na gemu yake iliuza nakala milioni moja. Wenzake wanne waliochoshwa na hali hiyo walikuwa wameondoka mwaka 1979 na kushiriki kuanzisha Activision, kampuni iliyotaja majina ya waandishi wa gemu zake. Robinett alichagua njia nyingine. Ndani ya vichochoro vya ngome nyeusi alificha nukta moja ya kijivu, pikseli moja tu, yenye rangi ile ile ya sakafu. Huwezi kuiona. Unaigusa kwa bahati ndipo unajua ipo. Ukiibeba hadi chumba fulani, ukuta wa pembeni unapitika, na upande wa pili kuna chumba chenye maandishi yanayometameta yanayosema gemu hii imeundwa na Warren Robinett.

Hakumwambia mtu. Akaacha kazi. Kisha mvulana wa miaka 15 kutoka Salt Lake City akaiandikia Atari barua kueleza alichokipata. Kampuni ilifikiria kukiondoa, lakini kutengeneza upya chipu ya gemu kungegharimu kama dola 10,000, kwa hiyo kikaachwa. Steve Wright, mkubwa mmoja pale Atari, aliona wachezaji wangefurahia mambo ya namna hii, akayafananisha na mayai ambayo watoto wa kwao hufichiwa ili wayatafute wakati wa Pasaka. Jina likashika. Si kwamba Robinett alikuwa wa kwanza kabisa. Kuna gemu ya Atari ya mwaka 1977 iitwayo Starship 1 yenye salamu iliyofichwa, nayo ilijulikana hadharani miaka arobaini baadaye. Lakini yai la Robinett ndilo lililofungua mlango.

Tazameni kilichotokea hapo. Chumba kile hakikuwa cha lazima kwa mchezaji. Kwa Robinett kilikuwa cha lazima kabisa, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuandika jina lake. Kwenye njia kuu ya gemu kampuni ndiyo iliyosema, na pembeni akasema mtu. Gharama aliibeba yeye, kwa baiti chache alizozinyima gemu na kwa hatari ya kufukuzwa kazi.

Sasa turuke hadi Japani, mwaka 1994. Final Fantasy VI ilitoka kwa konsoli ya Super Famicom kwenye kaseti ya megabaiti 3. Ukilinganisha na Adventure ni kama kutoka chumba cha kupanga hadi jumba la ghorofa. Nafasi ikiongezeka, mtengenezaji anaweza kufanya mambo ya anasa. Waliyofanya Square na nafasi hiyo bado yananishangaza.

Hadithi inaenda kama hadithi nyingi hadi katikati, ambapo adui anashinda. Ulimwengu unavunjika kweli kweli. Mwaka mmoja baadaye mwanamke mmoja, Celes, anaamka kisiwani karibu peke yake. Anatoka kwa mashua, anampata Edgar, anampata Setzer, wanapata chombo cha kurukia angani. Kuanzia hapo unaweza kwenda moja kwa moja kwenye mnara wa adui na kumaliza gemu. Wahusika unaoweza kucheza nao ni 14. Watatu tu ndio wa lazima. Wengine 11 wametawanyika kwenye dunia iliyovunjika, na kuwatafuta ni hiari yako. Hata Terra, unayeanza naye gemu, unaweza kumwacha. Na Shadow, kama hukumsubiri hadi sekunde za mwisho kabla dunia haijavunjika, amekufa na hutampata tena.

Kuna mmoja, Cyan, ambaye familia yake iliuawa kwa sumu mapema kwenye gemu. Ukimtafuta utamkuta juu ya mlima, anatengeneza maua ya hariri. Kumbe kuna msichana katika mji wa Maranda anayepokea barua na maua kutoka kwa mpenzi wake mwanajeshi. Mwanajeshi huyo alishakufa. Barua anaziandika Cyan. Mtu asiye na wa kumwandikia amejipa kazi ya kumwandikia mtu asiyejua kwamba amefiwa. Na yote haya, narudia, unaweza kuyapita juu na chombo chako bila kujua yapo.

Kwenye megabaiti 3, kila herufi ya barua hizo ilipigania nafasi na picha, muziki na mapigano. Aliyeamua zibaki aliamua kwamba mchezaji atakayejisumbua kupanda mlima ule anastahili kitu. Pia hiari yenyewe ndiyo inayotia uzito. Gemu ikikulazimisha kumwokoa rafiki, umefuata amri. Ikikuruhusu kumwacha, na wewe ukaenda kumtafuta, basi umemtafuta wewe. Hapa aliyelipa ni mnunuzi, mara moja, dukani. Kilichomo kwenye kaseti kilikuwa chake chote, mlima na maua yake.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoiita miaka ya shibe. CD na baadaye DVD zilileta nafasi ambayo watengenezaji hawakujua waijaze vipi. Mwaka 2000, Baldur's Gate II ya BioWare ilikudondosha katika mji wa Athkatla na kukuambia unahitaji vipande 20,000 vya dhahabu ili upate msaada wa kumfuata dada yako aliyechukuliwa. Utavipata wapi? Shauri yako. Mji umejaa watu wenye shida, na kila shida ni hadithi nzima. Hakuna kazi hata moja kati ya hizo iliyo ya lazima peke yake, ila huna budi kufanya baadhi yake. Ujanja mzuri huo. Mwaka 2001 Grand Theft Auto III ikaja na kazi za teksi, ambulensi na zimamoto ndani ya magari yenyewe, na vifurushi 100 vilivyofichwa mjini. San Andreas ikaongeza michoro 100 ya ukutani ya kupuliziwa rangi, picha 50 za kupigwa, viatu 50 vya farasi na chaza 50 chini ya maji. Hapo ndipo mimi na shilingi zangu kumi tulipoingia kwenye historia hii.

Kisha ukaja mwaka 2006. Hapa naomba tutulie kidogo.

Machi mwaka huo Bethesda ilitoa The Elder Scrolls IV: Oblivion. Wachezaji wengi waliosahau hadithi yake kuu hawajasahau misheni zake za pembeni, hasa za kundi la wauaji liitwalo Dark Brotherhood. Kuna moja ambapo unaingia nyumba yenye wageni watano walioambiwa kuna hazina humo. Mlango unafungwa nyuma yako. Kazi yako ni kuwaua mmoja mmoja huku ukiongea nao, ukiwaliwaza na kuwafanya wamshuku mwenzao. Ni hiari kabisa. Imo kwenye diski, haina malipo ya ziada.

Aprili, mwezi mmoja tu baadaye, Bethesda hiyo hiyo iliweka sokoni deraya ya farasi wa gemu hiyo hiyo. Kwenye Xbox 360 bei ilikuwa pointi 200 za Microsoft, yaani dola 2.50. Haikuwa misheni wala hadithi. Ni vazi la chuma la farasi, na karibu lote lilikuwa la kuonekana tu. Watu walikasirika, wakacheka, wakatunga mizaha inayoendelea hadi leo. Na wengine wakanunua! Bethesda wenyewe waliingia kwenye mzaha. Oblivion ilipotolewa upya mwaka 2025, toleo la bei ya juu lilikuja na deraya ya farasi ndani yake.

Nisieleweke vibaya. Kulipia nyongeza hakukuanza hapo. StarCraft iliuza Brood War mwaka 1998, lakini hiyo ilikuwa nyongeza nzima, kampeni mpya na vikosi vipya, ndani ya boksi lake. Kipya mwaka 2006 kilikuwa udogo wa kitu, na swali lililobaki kwenye vichwa vya wachezaji. Kabla ya hapo ukikuta kitu pembeni mwa gemu ulisema, "Aa, kumbe walituwekea hata hiki." Baadaye ukaanza kusema, "Hiki nacho, kwa nini hakikuwa ndani tangu mwanzo?" Kila kitu cha ziada kikawa mtuhumiwa.

Shaka hiyo haikuwa ya bure. Assassin's Creed II ilipotoka mwaka 2009, hadithi yake iliruka sehemu ya 12 na 13. Sehemu hizo mbili ziliuzwa kama nyongeza za kupakua mwanzoni mwa 2010. Mwaka 2012, Mass Effect 3 iliuza mhusika mzima, Javik, siku ile ile gemu ilipotoka, kwa wote ambao hawakununua toleo la bei ya juu.

Upande mwingine kulikuwa na vya bure lakini vilivyojazwa ilimradi. Mfano ninaoupenda ni Assassin's Creed ya kwanza, ya mwaka 2007. Ina bendera 420 za kuokota na mashujaa 60 wa Templar wa kuua. Mwaka 2020 Charles Randall, mmoja wa wanaprogramu wa gemu hiyo, alisimulia zilivyopatikana. Gemu ilikuwa karibu kupelekwa kiwandani. Mtoto wa mkurugenzi mkuu akaicheza, akasema inachosha, hakuna cha kufanya. Basi watu wachache wakajifungia kwenye chumba cha mikutano siku tano wakatia misheni za pembeni. Ilikwenda vizuri isipokuwa hitilafu moja. Templar mmoja, ukimkaribia kutoka upande usiofaa, alitumbukia chini ya dunia akafa. Wachezaji wakabaki wakimtafuta mtu wa 60 asiyekuwepo. Wenzangu mnaoandika programu, mnacheka ama mnalia? Mteja hajawahi kukupigia simu Ijumaa jioni kukwambia kuna kitu kidogo tu amekisahau? Kwa hiyo ukikuta bendera ya 400 ukajiuliza kuna faida gani, jibu linawezekana ni hilo. Hakuna aliyekuwa na la kukwambia pale. Palihitajika kujazwa.

Sasa nije kwetu, kwa sababu habari hizi kwetu zilifika na vumbi lake. Mwaka 2006, deraya ya farasi ilipoanza kuuzwa, Kenya haikuwa na kebo ya intaneti ya chini ya bahari. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Kwetu gemu ilikuwa kilichomo kwenye diski. Kikiwa humo unacho. Kisipokuwa humo hakipo duniani. Baadaye nilipoanza kujitegemea nilinunua gemu moja ya mtumba katika duka fulani la mjini, diski safi, boksi safi. Ndani kulikuwa na kikaratasi chenye msimbo wa kufungulia vya ziada. Nikauingiza. Ukakataa. Umeshatumika, na mtu nisiyemjua, labda bara lingine. Mhusika mmoja na misheni zake zote vilikuwa vimenifungia mlango. Mwenye duka aliniangalia kama naongea Kigiriki. "Si gemu inacheza?" Inacheza, ndiyo. Kwake biashara imeisha.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichobadilika. Kaseti ya Final Fantasy VI ukimpa ndugu yako, umempa na Cyan na maua yake. Diski yangu ilikuwa imeacha roho yake kwa mmiliki wa kwanza.

Si wote waliokwenda njia hiyo. The Witcher 3 ya CD Projekt, studio ya Poland, ilitoka Mei 2015 na nyongeza ndogo 16 za bure. Nyongeza mbili kubwa, ya Oktoba 2015 na ya Mei 2016, ziliuzwa, na wachache walinung'unika kwa sababu kila moja ilijaa hadithi. Lakini mfano wangu ni mdogo zaidi. Mwanzoni kabisa mwa gemu kuna bibi kizee amesimama nje ya kibanda kilichofungwa. Anataka kikaango chake. Aliyekiazima hafungui. Unavunja mlango, unakuta maiti, na kikaango kimekwanguliwa kikawa safi. Ukichunguza unaelewa kwamba masizi yake yametengenezewa wino, na kwamba kulikuwa na mambo ya siri ya watu wakubwa humo ndani. Bibi hayo hayamhusu. Anafurahi tu kikaango chake kimesuguliwa. Dakika tano, hakuna malipo ya maana, na umeielewa vita yote ya nchi ile kupitia chombo cha jikoni. Hivyo ndivyo mtu mwenye la kusema anavyotumia pembeni.

Limebaki jibu la mwisho la swali langu, nalo ni la muda. Kulipia kitu si siku ya kukinunua tu. Kuna kukitunza. Nintendo ilifunga mauzo ya mtandaoni ya Wii U na 3DS tarehe 27 Machi 2023. Microsoft ilifunga duka la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Misheni ya ziada iliyouzwa humo peke yake, kama hukuinunua kabla ya siku hiyo, huwezi kuinunua tena hapo hata ukiwa na pesa mkononi. Njia kuu ya gemu itabaki kwenye diski. Pembeni ndiko kunakofutika kwanza.

Linganisheni na ile gemu ya pango. Msimbo wa awali wa Crowther ulidhaniwa umepotea, hadi ulipopatikana kwenye nakala za akiba za akaunti ya Don Woods ya enzi za uanafunzi kule Stanford. Mtafiti Dennis Jerz aliueleza hadharani mwaka 2007. Na toleo la Woods linachezeka hadi leo kwenye kompyuta yoyote. Jarida bado liko pangoni. Alama ya 350 bado inangoja. Kitu ambacho hakuna aliyekiuza kimedumu kuliko vilivyouzwa, kwa sababu kilinakiliwa na kila aliyekipenda.

Kazini, muda ukibana, kitu cha kwanza kukatwa ni kile ambacho hakuna aliyekiagiza. Nimekata vingi, sikatai. Wiki iliyopita nilikuwa karibu kufuta kijisehemu kimoja cha programu ninayoandika, ujumbe mfupi unaotokea kwa mtu anayefunga hesabu usiku wa manane, kumwambia kazi imeonekana na aende alale. Hakuna mteja aliyeomba. Pengine watauona watu wawili kwa mwaka. Nimeuacha. Ni mistari sita.

Na ile ambulensi? Miaka mingi baadaye, nikiwa na kompyuta yangu na hakuna saa ya ukutani, niliirudia. Ilinichukua jioni nzima. Nilipomfikisha mgonjwa wa 78, gemu iliniongezea uhai wa juu, ikanilipa, ikanyamaza. Nilitamani wale wa kibandani wangekuwepo wanipigie kelele.

Ni hayo tu kwa leo. Nanyi mlioachwa na dakika katikati ya misheni isiyo ya lazima, nielezeni ilikuwa ipi.